Breki ya Kuazima: Maswali ya Mama Kabla Mtoto Hajapanda Bodaboda

  Kama una kazi mkononi endelea nayo, mradi sikio lako liwe hapa.

Leo hatuzungumzii malaria wala chanjo. Tunazungumzia breki za pikipiki. Huenda unajiuliza, breki zinahusu nini afya ya mtoto? Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250, bodaboda zimefika karibu kila kijiji cha Kenya. Ndizo zinazompeleka mtoto shuleni, mama mjamzito kliniki na mgonjwa hospitalini. Aliyeketi nyuma hashiki usukani wala hakanyagi breki. Usalama wake unategemea vipande vichache vya chuma na mpira ambavyo mara nyingi havioni.

Siku hizi, ukifika kwenye steji unaweza kumsikia kijana akisema, "Panda bila wasiwasi mama, nimetoa breki ya zamani nikaweka ya pikipiki kubwa." Nia yake ni njema. Amejua kwamba breki yake haimtoshi, akatafuta spea kwa fundi wa jua kali. Lakini breki iliyotoka kwenye pikipiki ya aina nyingine yaweza kuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, na yaweza pia kuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Inategemea imefungwaje. Leo tutajua tofauti hiyo, kisha tutajua mama anaweza kuuliza nini na kukagua nini kabla mtoto hajapanda.

Tuanze na jinsi breki inavyofanya kazi. Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki za drumu. Katikati ya gurudumu, ndani, kuna vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga. Mafundi huviita breki shuu. Mwendeshaji akivuta mkono wa breki, kamba ya waya hufanya vipande hivyo vifunguke, navyo husugua drumu kwa ndani mpaka gurudumu lisimame.

Aina ya pili ni breki ya diski. Hapo utaona sahani ya chuma kando ya gurudumu, na pedi mbili zinazoibana huku na huku, kama koleo linavyobana kaa la moto. Pedi hizo husukumwa na mafuta ya breki yanayopita kwenye mpira mwembamba kutoka kwenye usukani. Diski hupoa upesi, hukauka upesi wakati wa mvua, na haihitaji nguvu nyingi za vidole. Ndiyo maana vijana wengi hutamani kutoa drumu ya mbele na kuweka diski.

Sasa sikiliza vizuri mama, kwa sababu kuna mambo manne yanayoweza kuharibika.

Jambo la kwanza ni kipimo. Breki shuu za pikipiki mbili tofauti zaweza kufanana kwa macho, lakini zikipishana hata milimita chache hazitakaa sawa ndani ya drumu. Zikiwa ndogo, ni sehemu kidogo tu inayogusa, na pikipiki haisimami upesi. Zikiwa kubwa, kuna mafundi wanaozisugua kwa msasa mpaka ziingie kwa nguvu. Gurudumu hubaki limebanwa, linapata moto, na linaweza kugoma ghafla pikipiki ikiwa mwendoni.

Tena kuna chuma kinachoshikilia breki ya nyuma ili isizunguke pamoja na gurudumu. Spea ngeni ikikosa kuingiana na chuma hicho, wengine hukifunga kwa waya. Siku waya huo utakapokatika, breki itazungushwa na gurudumu, na gurudumu linaweza kufunga papo hapo.

Jambo la pili ni mafuta ya breki. Ili uelewe hili, fikiria yale mabomba ya plastiki tunayotumia kuwapa watoto dawa ya maji. Chukua bomba la mililita 5, uliunganishe kwa mpira na bomba la mililita 20, yote yakiwa na maji. Ukisukuma lile dogo mpaka mwisho, lile kubwa litapanda robo tu. Litapanda kwa nguvu, ndiyo, lakini safari yake ni fupi.

Breki ya diski ni hivyo hivyo. Bomba la juu, lililo kwenye usukani, na bomba la chini, lililo kwenye gurudumu, yametengenezwa yaendane. Fundi akichukua la chini kutoka pikipiki kubwa na kuacha la juu la pikipiki ndogo, mkono wa breki utavutwa hadi uguse usukani kabla pedi hazijabana vizuri. Akifanya kinyume chake, mkono utakuwa mgumu kama jiwe, na kijana atavuta kwa vidole vyote bila pikipiki kusimama inavyopaswa.

Jambo la tatu ni kuchomelea. Pikipiki iliyotengenezewa drumu mara nyingi haina mahali pa kufungia breki ya diski kwenye nguzo zake za mbele. Basi fundi huchomelea kipande cha chuma hapo. Kila breki inapovutwa, kipande hicho ndicho kinachobeba nguvu za kuisimamisha pikipiki, mzigo na watu. Kikivunjika, breki nzima inaweza kuangukia kwenye spoki. Hapo gurudumu la mbele hukwama, na walio juu hurushwa mbele.

Jambo la nne ni tairi. Breki husimamisha gurudumu, lakini kinachosimamisha pikipiki ni tairi kushika barabara. Ukiweka breki kali kwenye tairi jembamba lililokwisha meno, gurudumu litasimama na tairi litateleza. Kwenye barabara ya murram yenye kokoto, au kwenye matope wakati wa mvua ndefu, kuteleza kwa gurudumu la mbele ni kuanguka.

Je, tuseme basi spea ya pikipiki nyingine isitumike kabisa? Hapana. Kuna njia iliyo salama zaidi. Kwanza, mwendeshaji atafute spea zinazotambuliwa na watengenezaji kuwa zinaingia kwenye pikipiki yake. Aina nyingine za pikipiki hutengenezwa kwa namna mbili, moja ya drumu na nyingine ya diski, na vifaa vya mbele huingiana. Pili, achukue seti nzima kutoka pikipiki moja: nguzo za mbele, gurudumu na diski yake, pedi, mpira wa mafuta, na bomba la juu pamoja na mkono wake. Asichukue kipande huku na kipande kule. Tatu, zifungwe na fundi aliyefunzwa kazi hiyo, na mpira wa mafuta uwe mpya. Nne, kijana ajaribu breki hizo akiwa peke yake, polepole, mahali pasipo na watu, kwa siku kadhaa kabla ya kubeba abiria. Shuu na pedi mpya huhitaji muda wa kukaa sawa kabla hazijashika vizuri.

Na mara nyingi hata diski haihitajiki. Breki ya drumu iliyowekewa shuu za kipimo chake, kamba mpya, na ikarekebishwa mara kwa mara, husimamisha vizuri pikipiki ya cc 100 au 125 inayobeba abiria mmoja. Kijana anayelalamika kwamba breki zake hazishiki, huenda shuu zimeisha au zimeingia mafuta. Aanze hapo kabla ya kutafuta breki ya kuazima.

Sasa tuje kwako mama. Huhitaji kuwa fundi. Muulize kwa adabu: "Kijana wangu, breki zako ni za pikipiki hii au umebadilisha?" Akisema amebadilisha, muulize: "Nani alizifunga, na ulichukua seti nzima?" Kijana mwenye kujali kazi yake hatakasirika. Atakujibu, "Sawa mama, njoo uone."

Kisha mwombe afanye mambo haya, hayachukui hata dakika 2.

Avute breki ya mbele na ajaribu kusukuma pikipiki. Gurudumu la mbele lisizunguke. Akanyage breki ya nyuma na asukume tena. La nyuma nalo lisizunguke.

Utazame mkono wa breki unapovutwa kwa nguvu. Usiguse usukani. Kama ni breki ya diski na mkono ni laini kama sifongo, huenda kuna hewa ndani ya mafuta. Usipande.

Utazame kando ya gurudumu. Ukiona mafuta yanavuja, waya uliofungwa mahali pa bolti, au kipande kilichochomelewa na kuanza kupasuka, tafuta pikipiki nyingine. Na mkiwa safarini ukisikia chuma kikisaga chuma kila anapofunga breki, mwambie asimame.

Kumbuka pia kwamba hakuna breki inayoshinda mwendo wa kasi. Pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, hupita mita 11 kila sekunde. Mtoto mwingine akiruka barabarani, pikipiki itakuwa imepita hizo mita kabla kidole hakijavuta breki. Na mwendo ukiongezwa mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara nne. Kwa hivyo usimwambie kijana "kimbiza tumechelewa". Mwamshe mtoto mapema.

Uzito nao ni hivyo hivyo. Sheria ya Trafiki, baada ya marekebisho ya mwaka 2012, inamruhusu mwendeshaji kubeba abiria mmoja tu, na inamtaka awe na helmeti mbili na jaketi mbili zenye kuakisi mwanga. Watoto watatu wa shule pamoja na mikoba yao juu ya pikipiki moja ni mzigo ambao breki hizo hazikukusudiwa kuusimamisha. Tunajua nauli ya safari moja ni nafuu kuliko ya safari tatu. Lakini mfupa wa paja ukivunjika, familia hukaa hospitalini wiki nyingi, na gharama yake haiwezi kulinganishwa na nauli.

Mwisho, neno kwa mama ambaye mumewe au mwanawe ni mwanabodaboda na hutengeneza pikipiki nyumbani. Mafuta ya breki ni sumu. Yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa sababu mtoto atayanywa. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mkimbize hospitalini na ubebe ile chupa waione. Yakimwingia machoni, msafishe kwa maji mengi safi kisha umpeleke akaonwe.

Vumbi la breki nalo ni baya kwa mapafu. Baadhi ya shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani. Anayefungua breki asilipulize vumbi hilo kwa mdomo wala kwa pampu. Alipanguse kwa kitambaa chenye maji, na watoto wakae mbali. Diski na drumu zilizotoka safarini huwa za moto sana, kama ekzosi. Mtoto asiachwe kuchezea pikipiki iliyoegeshwa sasa hivi.

Watu husema ajali haina kinga. Lakini nyingi zina dalili, na mkono wa breki unaogusa usukani ni dalili unayoweza kuiona kabla mtoto hajapanda.

Mambo ya kukumbuka:

Breki ya pikipiki nyingine iwe ya kipimo sawa, seti nzima, na ifungwe na fundi aliyefunzwa.

Ijaribiwe bila abiria kwanza.

Mama aulize, atazame, na akiona shaka asimpandishe mtoto.

Abiria mmoja, helmeti kichwani, mwendo wa pole.

Mafuta ya breki yawekwe mbali na watoto.

Mweleze jirani yako uliyoyasikia leo, na mweleze pia kijana wa bodaboda anayempeleka mtoto wako shuleni.