Goti Huumia Mchezaji Akiwa Peke Yake



Kijana anapoanguka uwanjani akiwa ameshika goti, watazamaji huuliza kwanza ni nani aliyemchezea rafu. Mara nyingi hakuna. Majeraha mengi ya kano ya mbele ya goti, yaani utepe mgumu unaozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya ule wa paja, hutokea bila mchezaji kugongwa gotini. Amegeuka ghafla, amesimama ghafla, au ametua kwa mguu mmoja baada ya kupiga kichwa. Wayo hung'ang'ania ardhini, mwili huzunguka, goti huingia ndani na kano hukatika. Wengi husikia mlio.

Hapa Bariadi kinachoung'ang'aniza wayo kinajulikana. Udongo mweusi wa mbuga, rafiki wa pamba, si rafiki wa goti. Mvua ikinyesha hunata. Kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza njumu. Mwalimu aufukie kwanza uwanja, ndipo apulize filimbi.

Hata hivyo, uwanja hauna hatia peke yake. Misuli dhaifu ya nyuma ya paja, uchovu wa dakika za mwisho na jeraha la zamani huongeza hatari. Wasichana huumia kano hii mara mbili hadi tatu zaidi ya wavulana. Kombe la Dunia la wanawake la mwaka 2023 lilichezwa bila Beth Mead na Leah Williamson wa Uingereza, wala Vivianne Miedema wa Uholanzi, wote kwa jeraha hili. Mazoezi ya FIFA 11+, ya dakika 20 hivi, yamepunguza majeraha kwa theluthi moja au zaidi katika timu zilizoyafuata kwa bidii. Hayahitaji fedha: kukimbia, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, na kuruka kisha kutua magoti yakiwa yamekunjwa, yakielekea vidoleni.

La kuhofiwa zaidi ni kuchua. Goti lililovimba saa chache baada ya kuumia huenda limejaa damu. Kulikanda huongeza madhara. Baada ya wiki kadhaa uvimbe hupungua, kijana hudhani amepona, hurudi uwanjani, na goti lililolegea huanza kuitafuna gegedu yake. Hata aliyepasuliwa na bingwa hushauriwa kusubiri miezi tisa hivi. Basi mchezaji huyo atolewe mchezoni hata akiweza kutembea, goti lifungwe bandeji na kupozwa kwa barafu au maji baridi, kisha apelekwe kituo cha afya.