Refa na Kipaza Sauti



Washabiki wa hoki ya barafuni huko Amerika ya Kaskazini walinung'unika miaka mingi kwamba marefa husawazisha adhabu, leo huyu kesho yule, ili mizani ilingane. (Hesabu hiyo nasi wa maofisini tunaijua.) Wakaambiwa hayo ni maneno ya walioshindwa.

Tarehe 23 Machi, 2021, Nashville wakipambana na Detroit, kipaza sauti kilimnasa refa Tim Peel akisema kwamba kosa halikuwa kubwa, ila alitaka kuwapa Nashville adhabu mapema. Kesho yake ligi ikatangaza hatachezesha tena. Alikuwa amebakiza kama mwezi mmoja kustaafu.

Mimi naona kumwondoa mtu mmoja hakukuwajibu washabiki. Adhabu ngapi nyingine zilitolewa kwa hesabu ile ile, kipaza sauti kikiwa kimezimwa?