Blogu za Muziki: Kutoka Uchambuzi hadi Usambazaji wa Nyimbo

Blogu ya muziki ni tovuti ya mtu mmoja au kikundi kidogo, ambamo wimbo huwekwa pamoja na maandishi ya kuutambulisha, na msomaji huusikiliza hapohapo au huupakua akabaki nao. Maandishi yanaifanya ifanane na gazeti la muziki. Faili la wimbo linaifanya ifanane na duka la kanda. Uzito wa pande hizo mbili haukuwa sawa kila mahali. Marekani na Kanada blogu hizi zilianza kama kazi ya uchambuzi, wakati Nigeria na Tanzania zilishika zaidi kazi ya usambazaji, na tofauti hiyo inaeleza mengi ya yaliyozipata baadaye.

Kilichoziwezesha kwanza ni ufundi. Mwaka 1995 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, waliyapa mafaili ya mfumo wao wa kubana sauti jina la MP3. Dakika moja ya muziki wa CD huchukua takriban megabaiti 10. Kwa MP3 ya kawaida ya wakati ule ilishuka hadi megabaiti 1 hivi. Wimbo mzima sasa uliweza kupita kwenye waya wa simu ya nyumbani. Napster, iliyoanza 1999, iliwaunganisha mamilioni ya watu waliopeana nyimbo moja kwa moja kutoka kompyuta hadi kompyuta, mpaka kesi za kampuni za muziki zilipoifunga mwaka 2001. Mwaka huohuo wa 1999 ilianzishwa pia huduma ya Blogger, iliyomwezesha mtu asiyejua kuandika programu kufungua ukurasa wake bila malipo. Kilichokosekana kwenye Napster ni mtu wa kuchagua: nyimbo zilikuwa tele, lakini aliyetafuta alipaswa kujua tayari anatafuta nini.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na blogu. Fluxblog ya Matthew Perpetua, iliyoanza New York mwaka 2002, huhesabiwa kuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kuweka MP3 kwa utaratibu wa kila siku. Mwaka uliofuata ilianza Said the Gramophone ya Montreal, ambayo mwanzilishi wake, Sean Michaels, baadaye alishinda tuzo ya Giller ya mwaka 2014 kwa riwaya yake ya kwanza. Ushindi huo unadokeza kiwango cha uandishi kilichokuwamo. Katika blogu bora, aya tatu juu ya wimbo mmoja zilikuwa na thamani sawa na wimbo wenyewe. Desturi zilijengeka haraka: faili liliachwa wiki moja au mbili kisha likaondolewa, msomaji alielekezwa mahali pa kununua albamu, na mwenye haki aliyelalamika aliondolewa wimbo wake bila ubishi.

Mwaka 2005 Anthony Volodkin, aliyekuwa mwanafunzi New York, aliunda The Hype Machine, tovuti iliyopitia mamia ya blogu na kuonyesha mahali pamoja nyimbo zilizokuwa zikijadiliwa. Blogu zilizotawanyika zikawa na sauti moja. Mwaka huohuo kundi la Clap Your Hands Say Yeah lilitoa albamu yake bila kampuni yoyote ya kurekodi, na sifa za blogu pamoja na jarida la mtandaoni la Pitchfork zikaifanya iuzike hata wanamuziki wenyewe wakaelemewa na kazi ya kuituma. Kampuni kubwa zilianza kuwapelekea wanablogu nyimbo kabla hazijatoka, kama zilivyozoea kuwapelekea watangazaji wa redio.

Sheria, hata hivyo, ilikwenda njia nyingine. Sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya Marekani ya mwaka 1998 humtaka mwenye seva kuondoa faili mara apokeapo taarifa ya mlalamikaji, kama anataka sheria hiyo imkinge, na haimlazimishi kuchunguza kwanza ukweli wa taarifa hiyo. Februari 2010 Google, iliyokwisha kuinunua Blogger, ilifuta blogu kadhaa za muziki pamoja na maandishi yao ya miaka. Baadhi ya wenyewe walieleza kwamba nyimbo walizoweka walipewa na kampuni za muziki. Novemba mwaka huo serikali ya Marekani ilikamata majina ya tovuti zaidi ya 80, zikiwamo za hip hop kama OnSmash na Dajaz1. Dajaz1 ilirudishwa Desemba 2011, baada ya mwaka mzima, bila mwenyewe kushtakiwa kwa lolote. Huo ulikuwa uonevu wa wazi: idara ya masoko ya kampuni ilitoa wimbo kwa mkono mmoja, na wanasheria wa sekta hiyohiyo wakamlalamikia aliyeupokea.

Tawi jingine lilihusu muziki wa zamani. Brian Shimkovitz, Mmarekani aliyekuwa amefanya utafiti Ghana, alianzisha Awesome Tapes From Africa mwaka 2006 ili kuweka kanda alizonunua masokoni. Wimbo wa kwanza wa blogu hiyo ulitoka kwenye kanda ya msanii Ata Kak, "Obaa Sima", aliyoipata Cape Coast. Ilichukua miaka kumtafuta msanii huyo, aliyekuwa ameirekodi Toronto miaka ya 1990 na baadaye akarejea Ghana. Mwaka 2015 albamu hiyo ilitolewa upya kwa makubaliano naye, akaanza kualikwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Mfano huu hutajwa sana kama utetezi wa blogu, na ni wa haki kwa sababu aliyepakia hakuishia kupakia. Alimsaka mwenye mali na kumlipa. Walio wengi hawakufika hapo.

Barani Afrika kwenyewe, chimbuko la blogu halikuwa uchambuzi. notJustOk, iliyoanzishwa 2006 na Mnigeria Ademola Ogundele akiwa Marekani, iliwapa Wanigeria wa ughaibuni nyimbo ambazo hazikuwafikia kwa njia nyingine. Tanzania, msanii wa Bongo Fleva alitegemea watangazaji wa redio ili asikike na wasambazaji wa Kariakoo ili auze, na mara nyingi aliwauzia albamu kwa malipo ya mkupuo. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, kisha simu zenye intaneti zikashuka bei, njia ya tatu ilifunguka. Meneja au prodyuza aliutuma wimbo kwa mwenye blogu pamoja na picha ya kava; mwenye blogu aliupakia, akaongeza jina la tovuti kwenye jina la faili, na kupata kipato kwa matangazo. Msikilizaji wa Bukoba au Mbeya aliupakua kwa bando dogo na kumrushia mwenzake kwa Bluetooth. Asiye na bando alipeleka memori kadi kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo, ambacho mara nyingi nacho kilichota kutoka blogu zilezile.

Mwimbaji alinufaika, kwa kuwa wimbo uliosambaa bure ulimletea shoo. Mtunzi na prodyuza wasiopanda jukwaani hawakuwa na shoo ya kufidia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoiunda COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, iliwatambua, lakini faili lililozagaa bila jina lao halikuwa na njia ya kuwarudishia chochote.

Blogu zilipungua nguvu pale kusikiliza kulipohamia kwenye huduma zenye mikataba na wenye haki. Spotify ilianza Ulaya 2008 na kuingia Marekani Julai 2011. Kenya na Tanzania ilifika Februari 2021, ikizikuta huduma nyingine, Boomplay na Mdundo, zikiwa zimekwisha kujijenga. Tanzania kulikuwa na mzigo wa ziada: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu kulipia leseni, na ada za mwanzo zilizidi shilingi milioni 2 zikijumlishwa. Kwa blogu ya kijana mmoja iliyoishi kwa matangazo madogo, kiasi hicho kilitosha kuifunga.

Pengo lililobaki ni la kumbukumbu. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva zilizotoka kwa njia ya blogu hazikuwahi kupewa namba ya kimataifa ya utambulisho wa rekodi, na taarifa za aliyezitunga, studio na mwaka ziliandikwa kwenye ukurasa tu. Jina la tovuti lisipolipiwa, ukurasa huondoka nazo. Hazina za mtandao zinazohifadhi kurasa za zamani zimeokoa sehemu ya maandishi, lakini si mafaili yaliyowekwa kwenye ghala za nje kama Megaupload, iliyofungwa Januari 2012. Kwa nyimbo hizo, chanzo pekee kilichobaki ni memori kadi za wasikilizaji na kompyuta za studio, na watu wa kuulizwa nani alitunga nini bado wako hai.