Upepo Mmoja, Shehena Mbili

Somo: Mwanzo 37:23-28



Sisi tuishio Likoni, Kisauni na Changamwe twazijua pepo zetu. Tangu Desemba hata Machi huvuma kaskazi, kisha huja kusi. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, yakileta tende na nguo. Kwa kusi yalirudi na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Nahodha aliyekosa msimu hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Lakini kwa kusi hiyohiyo walisafirishwa watu pia. Watoto walionyakuliwa bara walisongamanishwa ngamani kama magunia. Baadhi ya majahazi hayo yalikamatwa na manowari za Kiingereza, na waliookolewa wakapelekwa Bombay. Wengine wao walisomeshwa na wamisionari karibu na Nasik, wakajifunza ufundi, wakamjua Kristo. Baadaye walivuka bahari tena: wachache wakaja Rabai mwaka 1864, na wengine hapa Kisauni mwaka 1875, Frere Town ilipoanzishwa. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, waliwekewa mikono kuwa mashemasi mwaka 1885. Kila tupitapo Kengeleni, kengele yatukumbusha habari yao.

Ndugu zetu, Mungu ndiye aliyeutoa upepo. Mwanadamu ndiye aliyechagua shehena. Nduguze Yusufu walimwuza, na Mungu akaleta wema. Lakini wema huo haukuwafanya wasiwe na hatia.

Nasi leo tumepewa upepo: afya, elimu, kazi bandarini, jamaa wenye vyeo. Je, twapakia nini? Yuko amdanganyaye binti wa jirani kwa ahadi ya kazi njema ng'ambo, hali ajua anakompeleka. Yuko ajuaye, akanyamaza kwa kuwa amepata fungu lake. Hata sisi wahubiri tumenyamaza mara nyingi.

Basi tusingoje msimu upite. Jioni hii tufungue ngama ya moyo, tutoe kisichompendeza Bwana, na kama kuna mtu wa kuonywa, twende tukamwonye.

Tuombe. Ee Bwana wa pepo na bahari, utusamehe tulichopakia kwa tamaa. Utufanye vyombo vya kuwarudisha watu nyumbani. Amina.