Kutoka Zhanxi hadi Kioo cha Nyumbani: Asidi, Chunusi na Ngozi Nyeusi

  

Naanza na jiografia, kwa sababu habari ya ngozi zetu siku hizi haianzii hospitali. Zhanxi ni barabara iliyo kando ya stesheni kuu ya reli ya Guangzhou, upande wa magharibi. Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anaijua kwa nguo, viatu na saa za jumla. Lakini akipanda treni ya chini ya ardhi kituo kimoja tu, hadi Sanyuanli, anajikuta kwenye masoko ya vipodozi: Meibo iliyo barabara ya Guangyuan Magharibi, na Xingfa iliyo barabara ya Jichang. Nyuma ya masoko hayo kuna wilaya ya Baiyun, yenye viwanda vya vipodozi zaidi ya elfu moja. Humo kiwanda kitakutengenezea krimu au maji ya kupaka, kitakubandikia jina la duka lako na picha uitakayo, almuradi ufikishe kiwango cha chini cha oda. Kwa hiyo mtu aliyefuata jinzi Zhanxi anaweza kurudi na katoni ya chupa ndogo za asidi za kuchubua ngozi. Ni mzigo mwepesi, wa kupanda ndege kwa kilo, na faida yake ni nzuri. Simlaumu kwa kutafuta riziki. Nataka ajue amebeba nini.

Jambo ninalolitetea jioni hii ni moja. Asidi iliyo salama kutumiwa nyumbani haina nguvu ya kufika lilipo kovu la chunusi, na asidi yenye nguvu ya kufika huko si salama kutumiwa nyumbani. Chupa ya tatu, iliyo salama na inayofika, haipo, hata lebo ikisema nini.

Tuanze na kovu lenyewe. Vijana wengi wanaosema wana makovu ya chunusi hawana makovu, wana madoa. Chunusi inapovimba, seli zinazotengeneza melanini huchokozeka na kumwaga rangi nyingi kuliko kawaida. Chunusi hupona, doa jeusi hubaki. Pitisha kidole juu yake: ngozi ni laini, haina bonde. Doa la namna hii, rangi yake ikiwa katika ngozi ya juu, hufifia lenyewe kwa miezi kadhaa, ilimradi chunusi mpya zisizidi kuzuka na jua lisiliunguze. Kovu la kweli ni jambo jingine. Hilo ni shimo: uvimbe umekula kolajeni ya ngozi ya ndani na mwili haukuijaza. Kuna mashimo mapana yenye kingo wima, kuna mabonde yanayoinuka na kushuka taratibu, na kuna vitundu vyembamba vyenye kina kirefu, kana kwamba uso umechomwa kwa sindano. Kwa baadhi yetu kovu huenda upande wa pili kabisa, likavimba na kuwa keloidi, hasa kwenye taya, kifua na mabega.

Sasa fikiria vipimo. Ngozi ya juu ya uso ina unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Chini yake ndiko lilipo shimo. Asidi dhaifu hung'oa seli zilizokufa za juu kabisa, uso ukang'aa kwa siku chache, na shimo likabaki palepale. Ili kulijaza, lazima uijeruhi ngozi ya ndani kwa makusudi na kwa kipimo, ili ijenge kolajeni mpya.

Elimu hii ina umri mrefu. Mwaka 1882 daktari Mjerumani, Paul Gerson Unna wa Hamburg, alieleza jinsi asidi ya salisiliki, risosinoli, fenoli na asidi ya traikloroasetiki zinavyofanya kazi kwenye ngozi, na dawa hizo nne ziko mikononi mwa madaktari hadi leo. Mwaka 2002 madaktari wa Korea Kusini walichapisha mbinu ya kugusisha asidi ya traikloroasetiki, ya asilimia 65 hata 100, ndani ya kitundu kimoja kimoja cha kovu kwa ncha ya kijiti cha mbao. Mbinu hiyo husaidia kweli. Ila aliyeshika kijiti alikuwa daktari, aliyejua kovu lipi liguswe na lipi liachwe, na mgonjwa alirudi kuangaliwa. Leo mbinu hiyo hiyo inafundishwa kwenye video za simu, na mwanafunzi wa bweni anaijaribu kwa njiti ya meno mbele ya kioo.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu ndipo penye hatari. Mnunuzi husoma asilimia peke yake. Asilimia bila pH haimwambii kitu. Asidi ya glaikoliki ya asilimia 30 yenye pH karibu na 4 ni tofauti kabisa na asilimia 30 ileile yenye pH 1, kwa sababu kadiri pH inavyoshuka ndivyo sehemu kubwa zaidi ya asidi inavyobaki huru kupenya. Tena asidi hizi hazina tabia moja. Glaikoliki haisimami yenyewe. Huendelea kula mpaka uioshe au uizime kwa maji ya magadi. Salisiliki hukauka na kuacha unga mweupe, na kina chake kina kikomo. Traikloroasetiki hugandisha protini za ngozi mpaka uso unakuwa mweupe kama barafu. Hapo imeshafanya kazi yake, na magadi hayawezi kuirudisha nyuma. Ukipaka tabaka la pili kwa sababu hukuona mabadiliko, umeongeza kina. Fenoli ndiyo kali kuliko zote: ikiingia kwenye damu huweza kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana daktari anayeitumia humuunganisha mgonjwa na mashine ya kufuatilia moyo.

Na ngozi yetu ina sheria yake. Ngozi iliyoweka doa kwa kuchokozwa na chunusi itaweka doa kubwa zaidi ikichomwa na asidi. Binti huingia na madoa matano ya ukubwa wa punje ya mtama, akatoka na baka jeusi la shavu zima. Hii haimaanishi kwamba mtu mweusi hawezi kutibiwa kwa asidi. Mwaka 1999 Dakta Pearl Grimes wa Los Angeles alichapisha matokeo ya wagonjwa 25 wenye ngozi ya rangi aliowatibu kwa salisiliki ya asilimia 20 hadi 30, na wengi walipata nafuu. Lakini aliwaandaa kwa dawa wiki mbili kabla, akaachanisha vipindi, akawafuatilia. Usalama ulitoka katika mpangilio huo wote, na mpangilio huo hauuzwi pamoja na chupa.

Kwetu kuna jambo la ziada ambalo vitabu vingi vya ng'ambo havilitaji: mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua. Mtu aliyepaka mkorogo kwa miaka amekuwa akipaka, mara nyingi bila kujua, steroidi kali kama klobetasoli, pamoja na haidrokwinoni au zebaki. Steroidi huikondesha ngozi. Asidi ambayo kwa mwenzake ingeishia juu, kwake yeye hushuka hadi ndani. Muuzaji hamuulizi kama anatumia mkorogo, na akimuuliza atakana, kwa aibu. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu hao ndio hasa wanaonunua asidi: uso umeshaharibika, chunusi za steroidi zimejaa, na mtu anatafuta cha kumtoa hapo haraka. Aliye kwenye vidonge vya chunusi vya aisotretinoini naye asiguse asidi kali. Na ndimu, ambayo wengi huiona mbadala wa asili, ina kemikali zinazoungana na jua kuunguza ngozi. Acheni ndimu jikoni.

China yenyewe inasemaje? Kanuni zake za usalama wa vipodozi zinaweka ukomo wa asilimia 6 kwa asidi za jamii ya glaikoliki, pH isishuke chini ya 3.5, na asilimia 2 kwa salisiliki kwenye bidhaa za ngozi. Mwaka 2021 mamlaka yao ya dawa iliwaeleza wananchi kwamba kuchubua ngozi kwa asidi kali ni tiba ya hospitali, na kwamba kipodozi hakiwezi kuchukua nafasi yake. Marekani nayo, Julai 2024, iliwaonya watu wasinunue wala kutumia asidi hizi kali bila usimamizi wa mtaalamu. Lakini sheria ya vipodozi ya China iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021 inasema bidhaa za kuuzwa nje zifuate viwango vya nchi inayonunua, au masharti ya mkataba. Mlisikie neno hilo, mkataba. Mchina wa Guangzhou analindwa na ukomo wa nchi yake. Mtanzania analindwa na viwango vya kwetu, pamoja na kile ambacho mfanyabiashara wetu alikiandika, au hakukiandika, alipokuwa akiagiza mzigo.

Tangu 2019 vipodozi Tanzania Bara viko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Zanzibar ni kazi ya Wakala wa Chakula na Dawa. Wamejitahidi sana kuwinda zebaki na haidrokwinoni. Naomba sasa waiangalie asidi kwa jicho hilohilo: lebo isiyotaja asilimia na pH isipite bandarini wala uwanja wa ndege.

Je, nyumbani hakuna la kufanya? Lipo, na ni la polepole. Tibu chunusi mapema, maana kila uvimbe unaozuiwa ni shimo lisilochimbwa. Adapalini, benzoili peroksaidi na asidi ya azelaiki, kwa ushauri wa mfamasia au mtabibu wa ngozi, hufanya kazi kwa miezi, na azelaiki hupunguza na madoa. Krimu ya kukinga jua iwe yenye rangi, kwa sababu oksidi za chuma zilizomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Kwa mashimo, nenda kliniki. Najua mabingwa ni wachache. Lakini kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, tangu miaka ya 1990 kimefundisha matabibu wa ngozi waliotawanyika katika nchi nyingi za Afrika, na baadhi yao wako katika hospitali za mikoa. Waulizieni.

Na aliyekwisha kuungua: osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika ishirini, usipake dawa ya meno wala asali, usibandue gamba, kaa mbali na jua, uende hospitali siku hiyohiyo. Asidi ikiingia jichoni, osha huku unapelekwa.

Ndugu yangu utakayekuwa Zhanxi mwezi ujao, kabla hujatoa malipo ya awali kiwandani, andika kwenye mkataba: asidi za jamii ya glaikoliki zisizidi asilimia 6, salisiliki isizidi 2, pH isishuke chini ya 3.5, maelekezo na tahadhari ziandikwe kwa Kiswahili. Dai cheti cha maabara cha toleo lako, si cha sampuli. Na chupa iliyoandikwa TCA, yaani asidi ya traikloroasetiki, kwa asilimia yoyote ile, usiilete.