Maneno ya Karakana juu ya Breki za Malori Yetu



Tumeombwa, sisi tuliopewa dhamana ya karakana ya Chama Kikuu, tuseme machache juu ya breki. Waliotutangulia hapa wamezungumzia bei, madeni na maghala, mambo ambayo kila mwanachama huyauliza. Juu ya breki hakuna aulizaye mpaka lori limelala bondeni.

Nyote mwaijua njia itokayo Lushoto, ikapita Soni, ikafika Mombo. Kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 30 lori hushuka karibu mita 1,000, upande mmoja jabali, upande wa pili korongo. Hapo ndipo hupita viazi, kabichi na nyanya zetu kwenda Tanga na Dar es Salaam. Sasa tufanye hesabu. Lori lenye uzito wa tani 10 pamoja na shehena yake, likishuka mita 1,000, huachilia nguvu ambayo, kama ingegeuka yote kuwa moto, ingetokotesha maji baridi lita 290 hivi, yaani pipa moja na karibu nusu. Nguvu hiyo haina budi kwenda mahali. Sehemu huliwa na upepo na matairi. Sehemu kubwa huweza kuliwa na injini, iwapo dereva ameingiza gia ndogo kabla ya kuanza mteremko. Iliyobaki huingia katika dramu na diski za magurudumu. Dereva ashukaye kwa gia kubwa, mguu juu ya pedali toka Soni, huwa ameziachia breki karibu pipa lote. Ama yule aingizaye gia huru ili abane mafuta, hatuna neno la adabu la kumwambia mbele ya wageni.

Katika malori yetu madogo, mguu hausukumi breki wenyewe, husukuma mafuta. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi miaka ya 1623 hadi 1662, alieleza kwamba kani ikitiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Basi masta silinda huyasukuma mafuta katika mabomba, nayo husukuma viatu vya breki vikaishika dramu. Mafuta hayabanikiki, hewa na mvuke hubanika. Ukilikumbuka hilo, nusu ya ufundi wa breki umeipata.

Asubuhi, kabla shehena haijapakiwa, injini ikiwa inanguruma, dereva na akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia huku akihesabu mpaka 30. Ikizama polepole, mafuta yanatoka mahali. Na atazame nyuma ya kila gurudumu, kwenye mipira ya breki na kwenye maungio ya mabomba. Kama kote ni kukavu na chupa haijapungua, aghalabu raba za ndani ya masta silinda zimechoka, nayo mafuta yanapita kurudi nyuma. Pedali ikiwa laini kama sifongo, hewa imeingia, na yafaa upepo utolewe kwa kawaida kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, chupa ikijazwa tena na tena isikauke. Lakini fundi anayetoa upepo bila kuuliza ulipitia wapi amefanya kazi ya juma moja tu. Pedali ikiwa chini mara ya kwanza na kupanda ikirudiwa, viatu viko mbali na dramu, virekebishwe. Ikiwa ngumu kama jiwe na gari halisimami, shukia busta: zima injini, kanyaga mara nne au tano, kisha washa huku umeikanyaga. Ikishuka kidogo, busta ni nzima.

Gari likivuta upande mmoja, fungua magurudumu yote mawili ya mbele, wala si lile moja tu linaloshukiwa. Mara nyingi silinda ya upande mmoja imekwama, au imevuja ikalowesha viatu. Viatu vilivyolowa mafuta havioshwi kwa petroli vikarudishwa. Hutupwa, na vipya huwekwa pande zote mbili. Na vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo, kwani viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lilowesheni kwa maji, mlifute.

Sasa tufike kwenye lililotuleta. Dereva husimulia kwamba pedali ilikwenda hata sakafuni karibu na Mombo, akaliegesha gari ukingoni kwa neema ya Mungu. Kesho yake fundi anaikanyaga, anaikuta imara. Dereva anaitwa mwongo. Si mwongo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakiisha kunywa maji, kipimo kinachotakiwa hushuka hata 155. Breki zikipata moto wa mteremko, mafuta yaliyochakaa huchemka, mvuke hujaa katika mabomba, na pedali huanguka. Zikipoa, mvuke hurudi kuwa maji, na ushahidi wote umepotea. Hii ni tofauti na breki zilizochoka kwa joto, ambapo pedali hubaki juu na ngumu, harufu ya kuungua hutoka, ila gari haliitiki. Kwa hiyo tunamuuliza dereva neno moja kabla ya kugusa spana: pedali ilikuwa juu, au ilikuwa chini? Ikiwa ilikuwa chini, tunamwaga mafuta yote na kutia mapya kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Hata bila kasoro, hatuyaachi yapite miaka miwili. Wala mafuta ya injini yasitiwe humo kamwe, maana huvimbisha raba zote.

Malori makubwa hutumia breki za upepo. Matangi yake yatolewe maji kila siku, na mshale wa upepo uangaliwe kabla ya kuondoka. Ile chemba yenye springi ya nyuma asiifungue mtu asiyefundishwa. Springi hiyo imewahi kuua mafundi.

Ndugu wakulima, hakuna kati ya haya linaloshinda uwezo wa karakana yenu. Linalotushinda ni nyanya. Matenga 200 yamepangwa kando ya barabara, jua linapanda, na dereva anasema pedali haimridhishi. Tunajua asemwavyo. Kijiji chenye zamu siku ile ndicho kitakachopata hasara, basi watu wake humsihi, kisha humkaripia, na mwisho huondoka. Hatuwalaumu; nasi tungemsihi.

Kwa hiyo tunaleta ombi mbele ya Mkutano huu. Neno la dereva juu ya breki liwe la mwisho, hata kwa Katibu, hata kwa Mwenyekiti. Na mazao yatakayooza kwa kungoja breki, hasara yake ibebwe na Chama Kikuu kizima, isiachiwe kijiji ambacho zamu iliwaangukia. Mweka Hazina ametuuliza fedha itatoka wapi. Tunapendekeza itengwe katika ushuru wa usafirishaji, kabla ya msimu kuanza.

Baada ya chakula, karibuni chini ya mkaratusi ulio mbele ya ghala. Tumeweka hapo dramu mbili zilizofunguliwa, moja nzima na moja iliyokwanguliwa na chuma cha kiatu kilichokwisha, pamoja na chupa mbili za mafuta, mapya na ya miaka minne. Ulizeni mtakalo.