KAWIA UFIKE
Mazungumzo juu ya kulinda uhai, afya na furaha katika siku kuu za Krismasi na Mwaka Mpya



Mwezi wa Desemba unapoingia, nchi yetu huwa kama mzinga wa nyuki. Shule zimefungwa, na Siku ya Jamhuri, tarehe 12, ikishapita, watu hawana neno jingine midomoni ila safari. Ukipita Nairobi katika kituo cha mabasi ambacho watu hukiita Machakos, utaona magunia, magodoro, mikate, sukari, leso mpya ya mama na koti la baba, vyote vikipandishwa juu ya mabasi. Kila mtu anataka kufika kwao kabla ya tarehe 25. Jambo hili ni jema. Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa, na mzee anayemwona mjukuu wake mara moja kwa mwaka hana zawadi nyingine inayoishinda hiyo.

Lakini leo nataka kuwaambia neno moja. Safari ya siku kuu haihesabiwi kuwa njema siku ile mtu anapobisha hodi kwa mama yake. Huhesabiwa kuwa njema siku ile anaporudi kazini, na watoto wake wanaporudi shuleni, wote wakiwa wazima. Katikati ya siku hizo mbili wapo maadui wawili. Wa kwanza ni haraka. Wa pili ni kuona haya, yaani mtu kuiona hatari kwa macho yake mwenyewe, kisha akanyamaza kwa sababu anaogopa watu watasema nini. Adui huyu wa pili hatumtaji sana, na kwa hiyo leo nitamfuata kila anapokwenda.

Tuanze barabarani. Tarehe 31 Desemba 2017, siku ya mwisho ya mwaka, kabla ya mapambazuko, basi lililotoka Busia kwenda Nairobi liligongana uso kwa uso na lori mahali paitwapo Migaa, katika barabara ya Nakuru na Eldoret. Watu zaidi ya 30 walikufa. Nyumba nyingi zilizotazamia kuukaribisha mwaka mpya ziliukaribisha kwa matanga.

Dereva mwenye haraka husema kwamba anaokoa wakati. Basi na tufanye hesabu yake. Kutoka Nairobi mpaka Mombasa ni kilomita 480 hivi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa bila kusimama, litafika kwa saa 6. Likienda kilomita 100, litafika kwa saa 4 na dakika 48. Faida yote aliyopata ni saa 1 na dakika 12. Sasa tazama hasara. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kwa sekunde moja. Dereva akiona ng'ombe mbele yake, akachelewa sekunde moja tu kabla ya kukanyaga breki, mita 28 zimekwisha kwenda. Tena likigonga, nguvu ya kugonga haiongezeki kwa robo kama mwendo ulivyoongezeka, bali huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa ajili hiyo sheria ya Kenya inakataza matatu na mabasi kupita kilomita 80 kwa saa. Wengi wetu twazikumbuka kanuni zilizotiwa nguvu mwezi wa Februari 2004, wakati Bwana John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi: kidhibiti mwendo, mkanda katika kila kiti, na abiria wasiozidi hesabu ya viti. Kanuni hizo hazikuwekwa ili kumsumbua mtu. Ziliwekwa kwa sababu watu walikuwa wakifa.

Na abiria je? Mara nyingi abiria huona kwamba dereva anasinzia, au ananuka pombe, au anayapita magari mengine penye kona, naye hujikunyata akasali kimya kimya. Anaona haya kusema, asije akaambiwa kwamba ni mwoga au anajifanya mkubwa. Ndugu zangu, nauli uliyotoa haikununua kiti peke yake. Sema kwa heshima, "Bwana dereva, tafadhali punguza mwendo, tuna watoto humu." Ukianza wewe, utaona wengine watatu wanakuunga mkono, maana nao walikuwa wanangoja mtu wa kuanza. Dereva akikataa, mwambie asimamishe gari mahali penye watu, ushuke, ukangoje gari jingine. Afadhali uchekwe njiani kuliko uliliwe nyumbani. Kata tikiti mapema, usafiri mchana ukiweza, ufunge mkanda hata kama jirani yako hakufunga. Ukipanda pikipiki, vaa kofia ngumu, wala usikubali kupakiwa watu watatu. Na ninyi mnaotembea kwa miguu usiku mkitoka kanisani au ngomani, chukueni taa na mvae nguo nyeupe, kwa sababu dereva hawezi kumkwepa mtu asiyemwona.

Kabla ya kufunga mzigo, kumbuka dawa. Mwenye maradhi ya sukari, au ya shinikizo la damu, au anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, na achukue dawa za kumtosha siku zote za safari na siku kadhaa za ziada, kwa maana mvua yaweza kukata barabara na duka la dawa laweza kufungwa. Tena azichukue katika mkoba wake mwenyewe, asizitie katika gunia lililo juu ya basi. Wako wanaoacha kumeza dawa wakiwa kwao kwa sababu wanaona haya mbele ya jamaa. Maradhi hayana likizo.

Sasa tumefika nyumbani. Watu wamejaa, vyumba ni vichache, na katika nchi za juu kama Limuru, Kinangop na Molo baridi ya usiku huuma mifupa. Mwenyeji anawahurumia wageni wake. Analeta jiko la makaa chumbani, anafunga dirisha, anaziba na upenyo wa mlango kwa gunia ili joto lisitoke. Hapo, bila kujua, amewatilia wageni wake sumu. Makaa yanayoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haimkohozi mtu. Huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa safi ambayo mwili unaihitaji. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na aliyelala huenda asiamke tena. Wengi hudhani kwamba makaa yaliyokwisha kuwa mekundu na kuacha moshi hayana dhara. Sivyo. Moshi umekwisha, lakini sumu ingali inatoka.

Basi ota moto jioni, mlango na madirisha yakiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla mtu hajalala. Mgeni asione haya kusema, "Mama, naomba tulitoe jiko." Mwenyeji naye asione haya kuwaambia wageni kwamba mablanketi hayatoshi, nao waje na yao kutoka mjini. Ukiwakuta watu wamelegea katika chumba chenye jiko, fungua milango, watoe nje kwenye hewa safi upesi, uwapeleke hospitali.

Wanaokwenda nchi za Ziwa Victoria au pwani wana adui mwingine, naye ni mbu. Nairobi na nchi za juu hazina malaria nyingi, na mtoto aliyezaliwa huko mwili wake haukuzoea kupigana nayo kama mwili wa binamu yake aliyekulia kando ya ziwa. Kwa hiyo msiseme, "Mbona watoto wa hapa hawalali ndani ya chandarua na ni wazima?" Mwanao si kama wao, na hata wao hawana salama. Chukua chandarua kilichotiwa dawa, na ukiweza chukua viwili, kimoja kiwe zawadi ya nyumba. Watoto walio chini ya miaka 5 na wanawake wenye mimba wawe wa kwanza kulala ndani yake.

Tena shikeni neno hili sana. Mbu akikuuma leo, homa haiji kesho. Kwa kawaida huja baada ya siku 10 mpaka 15, na pengine zaidi. Maana yake ni kwamba mtu aliyeumwa siku ya Krismasi huenda akaugua mwezi wa Januari, akiwa amekwisha kurudi mjini, naye akadhani ni mafua au uchovu wa safari. Ukipata homa baada ya kurudi, nenda ukapimwe damu siku ile ile, umwambie daktari wazi, "Nilikuwa Siaya," au "Nilikuwa Kilifi." Maneno hayo machache yaweza kuokoa maisha yako.

Juu ya chakula sitasema mengi, kwa kuwa kina mama mnajua zaidi yangu. Lakini mnyama aliyekufa mwenyewe asichunwe wala asiliwe, hata kama ni fahali mnono, kwani huenda amekufa kwa kimeta, ugonjwa unaoua watu pia. Mwiteni bwana mifugo. Nyama iive mpaka ndani. Pilau na mchuzi visiachwe mezani tangu mchana mpaka usiku. Kilichobaki na kifunikwe, kiwekwe mahali pa baridi, na kabla ya kuliwa kichemshwe mpaka kitoe mvuke. Maji ya kunywa yachemshwe, na watu wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mtoto akiharisha, mpeni maji yaliyochemshwa yakapoa, lita 1, yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko hivyo vikiwa vimesawazishwa. Mnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda zahanati. Na watoto wa mjini wasiojua kuogelea wasiachwe peke yao kando ya mto, bwawa au bahari.

Sasa nafika kwenye kikombe. Sikuja kumhukumu mtu anayekunywa wala asiyekunywa. Nataka mkumbuke mwezi wa Novemba mwaka 2000, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, wengi wao katika mitaa ya Mukuru, kwa kunywa pombe ya magendo iliyotiwa methanoli. Wengine walipona lakini wakabaki vipofu. Methanoli ni kilevi cha viwandani, na mnywaji hawezi kuitambua kwa kuonja wala kwa kunusa. Tena hainyong'onyezi mtu mara moja. Mtu huweza kulala akidhani amelewa tu, na kesho yake macho yakaingia giza, tumbo likauma na pumzi ikawa nzito. Akionekana hivyo, apelekwe hospitali mara hiyo hiyo, wala asifichwe kwa kuogopa polisi. Kijana akipewa kikombe ambacho hajui kilikotoka, na aseme, "La, ahsante," wala asione haya. Anayekucheka leo hatakushika mkono kukuongoza njia ukiwa kipofu.

Neno la mwisho ni furaha. Wengi huipoteza furaha kwa sababu ya fedha. Mtu ametoka mjini, na jamaa wanadhani huko fedha huokotwa. Naye, kwa kuona haya kusema kwamba hana, anakopa, ananunua mbuzi wawili, anagawa noti. Kisha Januari inaingia, shule zinafunguliwa, karo inatakiwa na sare zimechakaa. Fanya hivi: kabla ya kusafiri, toa fedha za shule, za kodi ya nyumba na za nauli ya kurudi, uziweke kando. Zinazobaki ndizo za siku kuu, ziwe nyingi au chache. Mzazi mwenye busara akiambiwa ukweli hukasirika kwa saa moja. Mwenye deni hukasirika mwaka mzima.

Tena kila kijiji kina mtu ambaye Krismasi humwumiza: mjane, aliyefiwa na mtoto mwaka huu, mzee ambaye wanawe hawakuja, mlinzi au mwuguzi aliye kazini siku hiyo. Mpelekee sahani ya chakula, ukae naye kidogo. Usiyeweza kusafiri, piga simu. Na magomvi ya mashamba yasiletwe mezani siku ya Krismasi, hasa watu wakiwa wamekunywa. Yana siku yake na wazee wake.

Basi, jamaa zangu, nenda kawaoneni wazee, mle, mwimbe, mcheze na watoto. Lakini pale ulimi utakaposita, iwe mbele ya dereva, ya jiko, ya kikombe au ya mkopo, kumbukeni kwamba haya ya dakika moja hupita, na kaburi halipiti. Wahenga walisema maneno mawili tu, nayo yanatosha: kawia ufike. Nami naongeza langu: ukiisha kufika, rudi.

Nawatakieni Krismasi njema na mwaka mpya wenye heri.